Mswaki wa betri, wa kuchaji ama huu wa kawaida? Nimetumia yote mitatu

Kwanza tuelewane maneno, manake hapa ndio watu hupoteza pesa wakiwa macho. Ukisema mswaki wa umeme hapa Nairobi unaweza kuwa unaongea kuhusu vitu viwili tofauti kabisa. Kuna ule wa betri, unazungusha kitako chake chini unaweka betri mbili za AA, zile za tochi, zikiisha unatoa unaweka zingine. Halafu kuna ule wa kuchaji, betri yake iko ndani imezibwa huwezi kuifikia, unausimamisha kwa kistendi chake usiku ama siku hizi unauchomeka waya ya USB kama simu. Supamaketi wanaiweka rafu moja, maboksi yamefanana, picha ya meno meupe ni ile ile, tofauti unayoiona haraka ni bei, na bei ndio hukuvuta. Mimi ilinivuta.

Nilianza na wa AA. Ufizi wangu ulikuwa unatoa damu kila asubuhi, natema kwa sinki naona maji ya pinki, nikaenda kwa daktari wa meno akaangalia akaniambia, "Mama, unasugua meno ni kama unasugua sufuria iliyoungua." Nguvu nyingi, muda mchache. Akasema nikipata mswaki wa umeme utanisaidia kwa sababu kazi ya kusugua utafanya wenyewe, yangu itakuwa kuushika tu na kuusongesha polepole jino kwa jino. Nikatoka hapo mbio mpaka supamaketi. Wa kuchaji ulikuwa 4,300, wa betri 950 na betri mbili ziko ndani tayari. Sasa mtu analipa rent tarehe 5, unadhani nilichukua upi?

Siku ya kwanza nilifanya lile kosa kila mtu hufanya, nikaweka dawa ya meno, nikauwasha, ndio nikaupeleka mdomoni. Kioo, blausi ya kazi, swichi ya taa, kila kitu madoadoa meupe. Unaweka mdomoni kwanza, unafunga midomo, ndio unawasha, na unauzima kabla hujautoa. Hiyo ni kwa yote, wa betri na wa kuchaji. Pia pua itakuwasha siku kama tatu hivi, unahisi ni kama unataka kupiga chafya, halafu inaisha yenyewe.

Wiki za mwanzo nilikuwa na raha kweli. Meno yalikuwa laini ukipitisha ulimi, ule ukoga wa asubuhi unaokaa nyuma ya meno ya chini ulikuwa unatoka, na nikautangaza huo mswaki ofisini kote. Kumbe bado.

Shida ya mswaki wa AA haiji siku moja, na hiyo ndio ubaya wake. Betri mbili mpya za alkaline zinakupa volti 3, kila moja 1.5. Lakini hazikai hapo, zinashuka kidogo kidogo kila siku unapotumia, na mota inapungua nayo. Leo imepungua kidogo kuliko jana, na kesho kidogo kuliko leo, hutagundua kwa sababu sikio lako linazoea. Wa kwangu ulianza na sauti ya nyuki, kufika wiki ya sita ulikuwa unalia kama mbu na mimi sina habari, nasugua tu asubuhi na jioni nikijua nimejipanga. Siku moja nikabadilisha betri, nikauweka mdomoni nikabonyeza, jameni, nusura unitoke mkononi. Nikasimama hapo bafuni nikajiuliza, sasa hizi wiki mbili zilizopita nimekuwa nikifanya nini? Nilikuwa najipaka dawa ya meno tu. Na ufizi ulikuwa umeanza kutoa damu tena kidogo, nikidhani ni vile nimekula mahindi choma.

Ukiamua kununua huo, basi usiweke betri zile za bei rahisi kabisa za zinki, zile za redio. Mota inataka kuvuta umeme mwingi kwa mara moja na hizo hazijaundwa kwa hiyo kazi, ukigandamiza mswaki kidogo kwa jino inasimama. Weka alkaline. Ama kama uko na chaja yake, weka AA za kuchaji, zile kila moja ni volti 1.2 kwa hivyo mbili ni 2.4, utauona mswaki uko mpole kidogo tangu mwanzo lakini hautashuka shuka, utabaki hapo hapo mpaka karibu uishe ndio uanguke mara moja. Mimi napenda kitu kinachoanguka mara moja, angalau unajua kimekufa. Na ukisafiri wiki mbili toa betri nje, manake zikivuja ndani zile chembe nyeupe zinakula vyuma vya kugusia na mswaki umeisha.

Ngoja nikuambie kitu kimoja kizuri kuhusu hizo betri zilizochoka. Usitupe mara moja. Mswaki unakula umeme mwingi lakini saa ya ukutani inalamba tu, betri ambayo haiwezi tena kusukuma mota itaendesha saa ya ukutani miezi. Yetu ya sebuleni sijainunulia betri tangu mwaka jana.

Sasa pesa, kwa bei nilizolipa mimi, zako zinaweza kuwa tofauti. Nywele za mswaki wowote zinataka kubadilishwa kila miezi 3, hata wa umeme, hata wa mkono, zikifunguka kama ufagio wa zamani hata mapema. Huu wangu wa 950 ulikuwa na kichwa cha kutoa, imeandikwa kwa boksi kabisa, nikafurahi. Kufika miezi mitatu natafuta kichwa. Nilianza supamaketi ile ile, hakuna. Kemisti mbili za mtaani Donholm, hakuna, mmoja akanionyesha cha aina nyingine hakiingii. Nikashuka tao, nikazunguka, hakuna. Kwa hivyo kila miezi 3 nikawa nanunua mswaki mzima, 950 mara nne ni 3,800 kwa mwaka, halafu kati kati hapo pea nne hivi za betri, 250 kila pea, elfu moja nyingine. Jumla 4,800 kwa mwaka, miaka miwili 9,600. Wa kuchaji: 4,300 mara moja, vichwa vinne kwa pakiti 1,800 ambavyo vinakupeleka mwaka, miaka miwili ni 7,900. Wa mkono ni 150, nne kwa mwaka ni 600, miaka miwili 1,200. Kwa hivyo ule wa AA wa bei rahisi ndio ulikuwa ghali kuliko yote, na nilikuwa naununua kwa sababu ni wa bei rahisi. Hiyo hesabu nilifanya nyuma ya risiti nikiwa kwa matatu nikanyamaza mpaka nikafika stage.

Kwa hivyo ukichukua kitu kimoja hapa, kabla hujauliza bei ya mswaki uliza bei ya kichwa. Na usiulize tu, kione. Kama kichwa hakiko kwa rafu hapo karibu na mswaki wenyewe, ama kama unapata cha kuagiza mtandaoni pekee kutoka mbali, huo mswaki ni wa miezi mitatu.

Hii inagonga sana zile za USB za soniki, yaani zinazotetemeka haraka sana badala ya kuzunguka, zinazouzwa mtandaoni, za elfu moja na kitu, zinakuja na vichwa vinne hadi nane ndani ya boksi. Sio mbaya vile, kusema ukweli kama unaona vichwa nane ni miaka miwili, na betri yake ni ya lithiamu inakaa na chaji wiki kadhaa. Mdogo wangu anatumia. Lakini nyingi hazina kile kitu cha kukuambia unagandamiza sana, na mota ya huo wake ukigandamiza inanyamaza. Zile kubwa zinazojulikana za soniki zinapiga kama mara 31,000 kwa dakika, hizi za mtandaoni zimeandikwa namba kubwa kwa boksi na hakuna mtu amesimama hapo kuhesabu.

Turudi kwa wa kuchaji, huu ndio niko nao sasa. Ni wa kichwa kiduara kidogo kinachozunguka huku na huku. Kitu cha kwanza nilichopenda ni kwamba nguvu ni ile ile kutoka siku ya kwanza mpaka taa ya chini ianze kumulika nyekundu, hakuna kudanganywa polepole. Cha pili ni taima, kila sekunde 30 unakatika kidogo kukuambia hama upande, mara nne ndio dakika 2. Nilikuwa najua nasugua dakika mbili maisha yangu yote, kumbe ilikuwa sekunde arobaini. Cha tatu, na kwa mtu wa nguvu za sufuria kama mimi hiki ndio cha maana zaidi, ukigandamiza sana unapunguza mwendo wenyewe na taa nyekundu inawaka. Sio yote ya kuchaji iko na hiyo, uliza. Ya AA sijaona nayo hata moja.

Na utafiti? Kuna uchambuzi mkubwa wa 2014 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, walikusanya tafiti 56 za watu zaidi ya 5,000, wakaona baada ya miezi 3 na zaidi mswaki wa umeme unapunguza ukoga kwa asilimia 21 kuliko wa mkono, na uvimbe wa fizi asilimia 11. Hiyo ni tofauti ya kweli lakini pia sio muujiza, iangalie vizuri hiyo 11. Na ushahidi mwingi ulikuwa wa ile ya kichwa kinachozunguka huku na huku, sio wa kila kitu kinachotetemeka chenye betri ndani. Muuzaji akikutajia utafiti muulize ni wa mswaki gani.

Watu wengi huniuliza, "Na stima ikipotea?" Kwetu inapotea, si ni Nairobi. Lakini mswaki wa kuchaji ukijaa unakaa wiki moja mpaka mbili, kwa hivyo giza la siku mbili halikufanyi kitu, utakuwa na shida ya friji kabla ya shida ya mswaki. Tokeni nazo hazili, hicho kistendi kinavuta kama wati 1 au 2, hata ukikiacha kwa ukuta mwezi mzima usiku na mchana haifiki uniti moja na nusu. Kitu kinakera ni kwamba unachaji polepole, wa kistendi ukiisha kabisa unataka masaa 12 na zaidi, huwezi kuuchomeka dakika tano ukimbie kazini.

Soketi ndio stori. Nyumba zetu bafuni hakuna soketi, kwa hivyo mswaki wangu unachajiwa sebuleni kando ya TV, mgeni akikaa hapo lazima aulize. Na nyingi ya hizi zinakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, ukuta wetu ni wa tatu za mraba, na sote tunajua ile ya kusukuma kalamu kwa tundu la juu ndio miguu miwili iingie. Mimi pia nilifanya. Lakini fikiria unafanya hivyo asubuhi mikono ikiwa na maji. Adapta ni kitu ya mia moja na kitu, nunua moja nzuri iache hapo.

Halafu kuna zawadi kutoka Marekani. Shangazi yangu alikuja Disemba na mswaki mzuri sana, boksi zito, wa bei ya kuogofya. Nikaweka adapta, nikachomeka, nikaenda kupika chai. Kurudi nyumba inanuka plastiki. Stima ya kule ni volti 120, yetu ni 240, na adapta inabadilisha umbo la miguu tu, haibadilishi volti. Chaja za simu huwa zimeandikwa 100-240V ndio maana hazisumbui, lakini vistendi vingi vya miswaki vimetengenezwa kwa upande mmoja wa dunia. Kwa hivyo kabla ya kuchomeka geuza kistendi usome chini, maandishi ni madogo tumia tochi ya simu. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, usijaribu hata kidogo. Mswaki ulipona, kistendi kilikufa, na shangazi mpaka leo anauliza kwa simu, "Na ule mswaki, unautumia?" Nasema ndio shangazi, vizuri sana.

Ubaya mwingine wa kuchaji ni kwamba betri ya ndani pia inazeeka, baada ya miaka kadhaa itaanza kukaa siku mbili badala ya kumi, na huwezi kuibadilisha mwenyewe. Fundi anaweza kuufungua akaunganisha nyingine lakini ukishafunguliwa maji yataingia tu siku moja. Hapo wa AA unashinda, haki yake tumpe. Na mswaki wowote wa kichwa cha kutoa, utoe kichwa kila jioni usuuze pale chini kinapoingilia. Mimi sikujua. Mwezi wa pili nilitoa kichwa nikakuta kamasi nyeusi imezunguka kile chuma, dawa ya meno iliyooza na mate, na huo ndio nilikuwa naweka mdomoni. Siku za mfereji kukauka unachota maji kwa kikombe unachovya kichwa peke yake, inatosha.

Mama yangu tunakaa naye, vidole vyake vina baridi yabisi, mswaki wa mkono ulikuwa unamtoka. Unajua hii miswaki ya umeme ya kwanza, ile ya Uswisi ya 1954, ilifikiriwa kwanza kwa watu kama yeye, ambao mikono haiwasikii vizuri, na waliofungwa waya za meno. Hii ya kujisifia ofisini ilikuja baadaye. Tulimpa wa AA kwanza kwa sababu mpini wake ni mnene unashikika. Kushika alishika, lakini kufungua kile kitako kubadilisha betri alishindwa, kinataka ugandamize na uzungushe kwa wakati mmoja, akawa anamngoja mjukuu atoke shule. Sasa ako na wa kuchaji, kitufe kimoja, anausimamisha kwa kistendi kila usiku, basi. Kwa mzee mwenye mikono inayosumbua sitasita, nunua wa kuchaji, kata kitu kingine kwa bajeti.

Mtoto wa bweni ni kinyume. Usimpe wa kuchaji, atauchaji wapi. Na wa AA nilimpa mtoto wangu, wiki ya pili betri zilikuwa kwa tochi ya mtu mwingine. Mpe wa mkono wenye nywele laini, kichwa kidogo, na umfundishe kuulaza kidogo pale jino linapokutana na ufizi, mizunguko midogo, bila haraka.

Na kama meno yako ni ya kahawia ya maji, yaani umekulia Nakuru ama Naivasha ama hata hapa hapa Nairobi mkitumia kisima cha kuchimba chenye floraidi nyingi, tafadhali usinunue mswaki wowote wa umeme ukitarajia yawe meupe. Ile rangi iliingia ndani ya jino likiwa bado linatengenezwa utotoni, haiko juu. Ya chai na kahawa ndio inaweza kupungua. Na ule ukoga ulioganda ukawa kama jiwe hakuna mswaki utautoa, huo ni daktari na vyuma vyake.

Kwa hivyo wa AA ni wa nani? Ni wa kusafiri, unaenda ushago Krismasi hakuna stima na hutaki kubeba vistendi. Ama ni wa kujaribu, hujui kama utavumilia kitu kinatetemeka kichwani, kuna watu hawawezi kabisa, basi toa hiyo 950 ujue kabla ya kutoa 4,300. Miezi mitatu, ukiisha amua. Mimi nilikaa nao mwaka mzima na zaidi, hapo ndio nilikosea.

Wa mkono sijausahau. Baba watoto amekataa hizi zangu zote, anasema yeye sio gari la kuchajiwa. Ako na mswaki wake wa 150, laini, na kila jioni anatoka nao bafuni anasimama mlangoni povu mdomoni akiangalia mkono wa sekunde wa ile saa ya sebuleni mpaka uzunguke mara mbili. Alienda kwa daktari yule yule, akaambiwa ufizi uko sawa kabisa, na nimeambiwa hiyo habari mara nyingi. Ila zile betri zangu kuukuu ndani ya saa zimeanza kuchoka na mkono unajikokota, nadhani siku hizi anasugua dakika mbili na nusu.